UZI: Albie Sachs, wakili na mwandishi aliyelelewa ndani ya siasa. Maisha, kesi na vitabu vyake

KalamuNyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Jina la Albie Sachs hutajwa sana kwenye mijadala ya katiba, ila mara nyingi linakuja na picha moja tu: jaji wa Afrika Kusini mwenye mkono mmoja. Nafungua uzi huu ili maisha yake yapatikane mahali pamoja kwa Kiswahili, na wenye taaluma ya sheria waongeze nyama.

Kwa maoni yangu, ukimsoma kwa swali moja utamwelewa kuliko kukariri miaka: mtu akiwa mikononi mwako, hana pa kukimbilia, unaruhusiwa kumtendea nini? Swali hilo lilimkuta akiwa mahabusu, likamfuata uhamishoni, na akakaa nalo kwenye kiti cha ujaji.

Tuanze nyumbani. Alizaliwa Johannesburg tarehe 30 Januari 1935. Baba yake, Solly Sachs, alitoka Lithuania akiwa kijana, na kuanzia 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wengi wakisikia "familia ya kisiasa" hufikiria bunge na mawaziri. Hapa siasa ilikuwa mishahara, migomo na mikutano ya wanawake wa cherehani, wengi wao Makaburu maskini waliotoka mashambani. Mwaka 1952 serikali ilimlazimisha kuacha ukatibu kwa kutumia Sheria ya Kukandamiza Ukomunisti, ilhali Chama cha Kikomunisti chenyewe kilikuwa kimemfukuza tangu 1931! Akaishia uhamishoni Uingereza.

Wazazi walitengana, na Albie akalelewa na mama yake, Ray, huko Cape Town. Mama alikuwa mpiga chapa wa Moses Kotane, katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti. Watoto waliambiwa wapange vitu nyumbani haraka, mjomba Moses anakuja. Mtoto wa Kizungu wa miaka ile aliyemjua mtu mweusi kama mkubwa wa mama yake kazini alikuwa nadra sana. Alipotimiza miaka sita, baba alimwandikia barua ya kumtakia akue awe askari wa ukombozi. Hebu fikirieni uzito wa barua hiyo kwa mtoto wa umri ule.

Mwaka 1952, akiwa na miaka 17 na mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Cape Town, aliongoza kikundi kidogo cha vijana wa Kizungu kwenda kukaa kwenye viti vya "wasio Wazungu" katika posta kuu ya mji. Ilikuwa Kampeni ya Kukaidi Sheria za ubaguzi. Mwaka 1955 alikuwepo Kliptown, karibu na Johannesburg, ulipopitishwa Mkataba wa Uhuru, tamko la madai ya wapinga ubaguzi. Akiwa na miaka 21 tayari ni wakili wa mahakamani Cape Town.

MzeeWaRufaa

Mkuu umeanza vizuri. Naomba nieleze sheria ya siku 90, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Ni kifungu cha 17 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Jumla, Na. 37 ya 1963. Ofisa wa polisi mwenye cheo anamkamata mtu bila hati, kwa kumshuku tu kwamba ametenda kosa la kisiasa au anazo taarifa za kosa hilo. Hapelekwi mahakamani. Anakaa ndani mpaka ajibu maswali kwa namna itakayowaridhisha polisi. Wakili haingii, ndugu haingii, ila kwa idhini yao. Hakimu anapita mara moja kwa wiki kumtazama, lakini hana uwezo wa kumtoa, na mahakama zote zimezuiwa kuamuru aachiwe.

Mtego umejificha kwenye maneno machache. Sheria ilisema zisizidi siku 90 kwa kila tukio la kukamatwa. Kwa hiyo siku ya 90 unafunguliwa mlango, unavuta hewa, kisha unakamatwa upya na hesabu inaanza sifuri. Ndivyo alivyofanyiwa Sachs. Alikamatwa Oktoba 1963 na jumla alikaa siku 168 katika upweke. Ukiona mtu anaandika kwamba sheria ilikuwa na kikomo cha siku 90, mweleze kwamba kikomo hicho kilikuwa cha karatasi.

Jambo la pili ambalo wanasheria tunalipenda, na linamuunganisha wakili na mwandishi. Akiwa ndani, kitabu alichoachiwa ni Biblia tu. Hakuruhusiwa kalamu wala karatasi. Mawakili wake wakafungua shauri wakidai apewe vya kusoma na kuandikia. Angalieni mbinu: hawakuomba aachiwe, maana mlango huo sheria ilikuwa imeufunga. Waliuliza swali dogo zaidi: sheria inaruhusu kumweka mtu ndani, je, inaruhusu pia kumnyima haki nyingine ambazo haikuzitaja? Mahakama ya Cape ikakubaliana nao. Mahakama ya Rufaa, mwaka 1964, ikatengua katika shauri la Rossouw dhidi ya Sachs. Hoja yao ilikuwa kwamba lengo la kumweka ndani ni kumfanya aseme, hivyo Bunge halikukusudia apate haki ya kupunguza uchovu wa upweke kwa vitabu na kalamu. Kwa lugha nyepesi, mateso ya upweke yalihesabiwa kuwa kifaa halali cha kazi.

Kwangu mimi hukumu ile ni kati ya zilizoiaibisha zaidi mahakama ile.

BintiWaPwani

Samahani wakuu, kwa hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka mingapi?

MzeeWaRufaa

Hakuwahi kuhukumiwa, dada. Hili linakosewa hata na waandishi wa magazeti. Aliwekwa kizuizini mara mbili bila mashtaka. Mara ya pili ni 1966, safari hii kwa kunyimwa usingizi, na hapo ndipo walipomvunja kwa kiasi fulani. Mwenyewe ameandika hivyo bila kujificha. Baada ya hapo aliondoka nchini kwa kibali cha kutoka bila ruhusa ya kurudi.

Na serikali haikuishia siku 90. Mwaka 1965 zikaja siku 180 kwa wanaoitwa mashahidi, na mwaka 1967 Sheria ya Ugaidi ikaondoa kabisa idadi ya siku.

KalamuNyeusi

Ahsante Mzee. Niendelee na vitabu, maana huwezi kumtenganisha na kalamu yake.

*The Jail Diary of Albie Sachs* kilitoka 1966. Jina linasema shajara, ila hakikuandikwa seli, na sababu Mzee ameshaieleza: hakuwa na kalamu. Kiliandikwa baada ya kutoka. Nguvu yake iko kwenye vitu vidogo. Anaimba nyimbo kwa kufuata alfabeti, A hadi Z, ili siku isogee. Anajaribu kukumbuka majimbo yote ya Marekani. Anapiga mluzi wa wimbo wa "Going Home", ule unaotokana na simfonia ya Dvořák, na kutoka sehemu nyingine ya jengo mtu asiyemwona anaujibu. Wanapokezana hivyo siku nyingi bila kuonana. Siku aliyoachiwa alikimbia kwa miguu kutoka mjini hadi ufukwe wa Clifton akajitosa baharini na nguo zake.

Mwaka 1978 mwandishi David Edgar alikigeuza kuwa tamthilia, ikachezwa na Royal Shakespeare Company.

Uingereza alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 1970. Utafiti huo ukazaa *Justice in South Africa* (1973), historia ya jinsi mahakama zilivyotumika kujenga utawala wa rangi. Alifundisha Southampton hadi 1977, kisha akahamia Maputo.

Mnazi_Mkinda

Kipindi cha Msumbiji kinapitwa haraka na wengi, wakati ndicho kilichomgeuza kisheria. Alifundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kwa Kireno alichojifunza ukubwani, kisha akawa mkurugenzi wa utafiti Wizara ya Sheria. Nchi ilikuwa imerithi mahakama za Wareno ambazo Mwafrika wa kijijini hakuwa na nafasi ndani yake. Kukajengwa mahakama za wananchi: wazee wa mtaa, wanaume kwa wanawake, wanasikiliza kesi za ndoa, mipaka na madeni hadharani, lengo likiwa kwanza kupatanisha. Sachs aliusoma mfumo huo kwa karibu, akauandikia kitabu pamoja na mwanasheria wa Msumbiji Gita Honwana Welch. Kumbukeni hili tutakapofika kwenye hukumu yake ya 2004.

Sasa bomu. Tarehe 7 Aprili 1988 ilikuwa sikukuu, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Siku hiyo huadhimishwa kwa kumbukumbu ya Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971. Sachs alikuwa anaelekea ufukweni. Bomu la makachero wa Pretoria lilikuwa limetegwa kwenye gari lake, likalipuka alipofungua mlango. Alipoteza mkono wa kulia na jicho moja likapofuka. Mpita njia aliuawa. Yeye alidhani wanaomvuta kutoka chini ni watekaji wanaompeleka Pretoria, kumbe ni waokoaji. Na Maputo ilikuwa imeshaonja: Ruth First, mpinga ubaguzi mwenzake wa Afrika Kusini, aliuawa kwa kifurushi cha bomu katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane Agosti 1982.

BintiWaPwani

Na hilo jina la kitabu chake, "kisasi laini", maana yake nini hasa? Laini vipi?

Mnazi_Mkinda

*The Soft Vengeance of a Freedom Fighter*, 1990. Akiwa hospitali London alipata barua ya mwenzake ikiahidi kwamba watamlipizia. Akajiuliza: kisasi gani? Tuwakate watu mikono? Nchi ya watu wasio na mikono? Akaamua kisasi chake kitakuwa nchi huru yenye sheria. Kisha akaenda hatua moja mbele, na hapa ndipo wakili anaonekana: akipatikana mtu anayetuhumiwa kutega lile bomu, akashtakiwa katika mahakama ya haki, na akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, basi hiyo ndiyo itakuwa kisasi chenyewe.

Miaka ya baadaye, ofisa aliyeshiriki maandalizi ya shambulio alimfuata ofisini kwake, kabla ya kwenda Tume ya Ukweli na Maridhiano. Sachs alimsikiliza, akamwambia kwa kawaida angeagana naye kwa kumpa mkono, ila hawezi. Nenda kwenye Tume, sema unayoyajua, pengine tutakutana. Walipokutana tena, mtu yule akiwa ameshasema, alimpa mkono wa kushoto uliobaki.

Jembe_la_Hoja

Wakuu, tusimchore kama malaika. ANC, chama kilichoongoza mapambano dhidi ya ubaguzi, walikuwa na kambi zao Angola, na kambi ya Quatro ilitesa wapigania uhuru wenzao walioshukiwa ujasusi. Sachs alikuwa mtu wa ANC. Alikuwa wapi?

KalamuNyeusi

Swali la haki kabisa, na ndilo kiini cha uzi.

Oliver Tambo, rais wa ANC, alimwita Lusaka akamweleza kwamba wamekamata watu waliotumwa na Pretoria na hawana kanuni za namna ya kuwashughulikia. Sachs akajibu kwamba si jambo gumu, mikataba ya kimataifa inakataza mateso. Tambo akamwambia wazi: sisi tunatesa. Sachs amesimulia mara nyingi jinsi alivyopigwa na butwaa.

Kazi aliyopewa ni kuandika kanuni za maadili, na kwa hakika zilikuwa sheria ndogo ya jinai kwa chama kisicho na nchi: makosa gani yanahesabika, nani anasikiliza, mtuhumiwa anajiteteaje, na marufuku ya mateso. Zilipelekwa kwenye mkutano wa Kabwe, Zambia, Juni 1985. Mjadala mgumu ulikuwa huu: je, katika dharura, mfano bomu limetegwa na linakaribia kulipuka, kusiwe na ruhusa ya njia kali za kuhoji? Wajumbe, wakiwemo wapiganaji wenyewe, walikataa. Sababu yao ilikuwa ya watu wanaojua kazi ya usalama: ukifungua tundu dogo la dharura, kila mahojiano yatakuwa dharura.

Na kwa wasomaji wa Tanzania: ni mkutano wa Morogoro wa 1969 ulioruhusu wasio Waafrika kujiunga na ANC uhamishoni, na ni Kabwe uliowaruhusu kuingia halmashauri kuu. Bila hatua hizo mbili, Sachs asingechaguliwa kwenye halmashauri hiyo mwaka 1991.

Jembe_la_Hoja

Kanuni nimeziona. Utekelezaji je? Thami Zulu, kamanda wa jeshi la ANC, alikufa 1989, siku chache baada ya kuachiwa na usalama wa ANC huko Lusaka. Hiyo ni miaka minne baada ya Kabwe.

MzeeWaRufaa

Uko sahihi, na jambo hilo lilimfuata. Sachs alikuwa kwenye kamati ya ANC iliyochunguza kifo hicho. Oktoba 1994 alipohojiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kwa ajili ya ujaji, makamishna walimbana kwelikweli: ripoti ilikuwa laini mno kwa walinzi waliomweka mtu yule kizuizini muda mrefu. Alipita, lakini usaili ule ulikuwa mgumu, na ilistahili uwe mgumu. Kanuni nzuri bila mkaguzi wa nje wa kufungua milango ya seli huchelewa kufika kwa mfungwa. Hilo ni kosa la mfumo, na yeye alikuwa sehemu yake.

KalamuNyeusi

Nakubali. Kabla ya mahakama, nitaje mchango wake mmoja kwa waandishi. Mwaka 1989 aliandika makala ya semina ya ndani ya ANC akipendekeza wanachama wapigwe marufuku, tuseme kwa miaka mitano, kusema kwamba utamaduni ni silaha ya mapambano. Alisema kauli hiyo inafukarisha sanaa: mshairi anasifiwa kwa msimamo hata kama shairi ni bovu, na mapenzi hayaandikwi kana kwamba wapigania uhuru hawapendi. Makala ilizua mjadala mkubwa. Sisi tuliokua na ngonjera za siasa tunaijua vizuri hoja hiyo.

MzeeWaRufaa

Mahakama ya Katiba. Mandela aliifungua Februari 1995, majaji 11, Sachs mmojawapo tangu mwanzo hadi 2009. Kesi nne zinatosha kuonyesha mkono wake.

Kesi ya August, 1999. Tume ya uchaguzi haikuwa na mpango wa kuandikisha wafungwa. Hakuna sheria iliyowanyima kura, ni ukimya tu. Sachs akaandika kwamba ukimya wa tume hauwezi kumwondolea raia haki aliyopewa na katiba, akaamuru waandikishwe kabla ya uchaguzi wa Juni. Haki haipotei kwa sababu ofisi haikujipanga.

Port Elizabeth, 2004. Watu 68, kati yao watoto 23, walikuwa na vibanda 29 kwenye ardhi ya watu binafsi, na majirani 1,600 walisaini waondolewe. Halmashauri ilikosea wapi? Haikukaa nao chini kujadiliana kwa dhati, na haikuwa na jibu la wapi wataenda na watakaa huko kwa muda gani. Mahakama ikakataa kuwahamisha. Mkazo wa usuluhishi kabla ya amri ndiyo harufu ya Maputo aliyoitaja Mnazi.

Fourie, Desemba 2005, kuhusu ndoa za jinsia moja. Kwenye kijiwe chetu mjadala wake huwa wa moto, lakini kwa mwanasheria tazama amri. Hakubadilisha sheria siku hiyo. Alilipatia Bunge muda wa miezi 12 kurekebisha sheria, na akaweka kwamba likishindwa, neno la "mwenzi" litasomeka lenyewe ndani ya Sheria ya Ndoa baada ya neno "mume". Jaji O'Regan alipinga kusubiri, akitaka nafuu papo hapo. Bunge likatunga sheria, ikaanza 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya mwisho.

S dhidi ya M, 2007. Mama wa watoto watatu, kosa la ulaghai wa kadi za benki, kifungo miaka minne. Sachs mwenyewe amekiri kwamba mwanzoni hakuona suala la katiba, hadi O'Regan alipomkumbusha kuna watoto watatu humo. Hukumu aliyoandika haikumsamehe mama. Alikuwa ameshatumikia miezi mitatu. Iliyobaki 45 iliahirishwa kwa masharti ya kuwa chini ya uangalizi nje ya gereza na kuwalipa aliowaibia. Kanuni iliyobaki: hakimu kabla ya kumfunga mlezi mkuu lazima aulize watoto wataangaliwa na nani.

Wakili_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Msisahau kwamba Sachs alifanya kazi huku Kenya pia.

Jedwali la Sita la Katiba ya 2010, kifungu cha 23, liliagiza majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini siku katiba inaanza wapigwe msasa. Sheria ikaja 2011, ikaunda Bodi ya Kuwapiga Msasa Majaji na Mahakimu chini ya Sharad Rao. Wajumbe watatu walitoka nje: Sachs, Georgina Wood wa Ghana na Frederick Chomba wa Zambia. Sababu ya wageni ni wazi: kila wakili wa hapa ana rafiki, mwalimu au adui kwenye benchi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Jaji anajaza hojaji na kutoa rekodi zake. Malalamiko ya wananchi yanakusanywa naye anapewa nafasi ya kuyajibu. Anahojiwa faraghani, ila akitaka hadharani ni haki yake. Bodi inapima uadilifu, haki, hulka, uwezo wa kitaaluma na mengineyo, kisha inatoa uamuzi wenye sababu. Asiyeridhika ana siku saba kuomba uamuzi upitiwe upya, mbele ya bodi ileile. Aprili 2012 ukatoka uamuzi wa kwanza: kati ya majaji tisa wa Mahakama ya Rufani, wanne hawakufaa kuendelea.

Palipoleta vurugu ni kuzuia mahakama zisipitie maamuzi ya bodi. Walioondolewa walikwenda Mahakama Kuu hata hivyo, na ikachukua hadi 2014 Mahakama ya Juu kusema kwamba katiba ilifunga mlango huo kweli.

Jembe_la_Hoja

Yaani mtu aliyenyimwa mahakama na sheria ya siku 90 akaja kukaa kwenye bodi ambayo maamuzi yake hayaendi mahakamani?

Wakili_Kisauni

Hoja nzito, ndugu. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: mlango wa 1963 ulifungwa na Bunge la wachache ili mtu ateswe gizani. Huu wa Kenya ulifungwa na katiba iliyopigiwa kura na wananchi, aliyehojiwa alikuwa na wakili, alijua tuhuma zake, na uamuzi uliandikwa na kuchapishwa. Bado mtu anaweza kusema haitoshi, na kuna majaji waliosema hivyo.

BintiWaPwani

Nianze na kipi wakuu? Na hukumu zinapatikana wapi?

KalamuNyeusi

Dada, anza na *Soft Vengeance*, halafu rudi *Jail Diary*. Kisha *The Strange Alchemy of Life and Law* cha 2009, kinachopanga hukumu zake sambamba na maisha. Ndicho kinachomfaa zaidi mwanafunzi wa sheria. Cha kwanza na cha mwisho kati ya hivyo vilipata Tuzo ya Alan Paton, 1991 na 2010.

MzeeWaRufaa

Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya SAFLII. Tafuta kwa namba: [1999] ZACC 3 ya wafungwa na kura, [2004] ZACC 7 ya Port Elizabeth, [2005] ZACC 19 ya Fourie, [2007] ZACC 18 ya mama na watoto. Usianze na amri mwishoni. Soma aya za mwanzo kwanza. Huwa anaeleza watu ni kina nani, wako wangapi na wanaishi wapi kabla hajataja kifungu chochote.